Wino

Asubuhi walijaribu wino kwenye kidole changu.
Bi Ingeborg, mwangalizi, alitaka kuona kama unafutika.
Karani akanichovya hadi kwenye shina la ukucha,
wakanipa sabuni, wakanipa limau,
wakanipa hata petroli ya gari la ubalozi.
Haukutoka. Akaandika: wino ni madhubuti.

Mimi si mpiga kura wa mtu.
Ni mkalimani wa siku moja, riali thelathini na chakula,
mzaliwa wa Ruwi, Kiswahili nimekinyonya kwa mama
ambaye akisema "kwetu" mpaka leo
hujui anaelekeza wapi.
Miaka hamsini na minne, na sijapata kumchagua rais.

Al-Khuwair, Agosti, saa mbili, jua limeshakasirika.
Foleni imeuzunguka ukuta kutafuta kivuli,
kivuli kinasogea, foleni inakifuata,
ule mstari wa chaki uko mtupu.
Bwana Kgosi, mwangalizi wa pili, anauliza
mbona watu hawafuati mstari.
Nikamwambia: wanafuata.

Fomu ina maswali ishirini na sita.
Sanduku lilionyeshwa likiwa tupu? Ndiyo.
Lakiri? Nzima.
Kuna aliyetishwa?
Nauliza walinzi wa maghala, nauliza madada wa majumbani
walioombewa ruhusa hadi adhuhuri.
Wanacheka kidogo, wanatazama geti,
wanasema: hapa ndani, hapana.
Nikatafsiri "hapana".
"Hapa ndani" ilinidondoka.

Kadzo Nyale alifika saa tano
na bataka ya kazi, na nakala ya pasipoti,
nakala ya nakala, uso wake umekuwa doa.
Pasipoti yenyewe iko Mawalih, kwenye sefu ya mama mwenye nyumba,
pamoja na bangili za bintiye.
Karani hakumkaripia. Alimfungulia kanuni,
ukurasa, kifungu, kwa upole kabisa.
Jina lako lipo, dada, mia mbili na tatu,
ila sheria inataka pasipoti yenyewe.
"Jina lipo," akasema Kadzo.
"Basi na lipige kura lenyewe."

Bi Ingeborg akageuka: anasema nini?
Nikamwambia. Safari hii sikudondosha kitu.
Akaipekua fomu mbele na nyuma.
Kulikuwa na kisanduku cha aliyezuiwa na karani,
cha aliyezuiwa na polisi, cha aliyezuiwa na chama.
Cha sefu hakikuwapo.
Akaandika kitu pembeni kwa penseli.
Kwa penseli.

Kadzo, akitoka, akakiona kidole changu.
"Wewe wamekuruhusu?"
Nikatia mkono mfukoni mwa kanzu kama mwizi.
Nikasema: haya ni majaribio tu.
"Haya," akasema, "majaribio,"
akaenda kwenye gari jeupe lililokuwa linanguruma nje
na dirisha limepandishwa.

Kituo kilifungwa kwa wakati. Hali: shwari.

Usiku mama akanivuta mkono kwenye taa.
Macho yake yana ukungu, akakisoma kidole
kwa kidole gumba chake, taratibu,
kama anayetafuta mwiba.
"Nani kashinda?"
Nikasema, bado wanahesabu.

Wiki ya tano sasa. Wameshamaliza, wameshaapishana.
Ngozi imetakata, ukucha unakua,
weusi unapanda kuelekea nchani,
umebaki ukingo mwembamba kama mwezi mwandamo.
Wembe upo mezani.
Siukati.