Fungu la Ng'ombe

Kazi yangu ni kuhesabu pumzi za wengine.
Ghorofa ya tatu, Montevideo, dirisha latazama ukuta,
na kwenye skrini nchi nzima imelala katika safu:
umeme, magari, saruji, majaa ya taka,
halafu safu ya nne, nene kuliko zote: mifugo.

Safu ya nne naijua kwa majina.
Yumo Pintada, mwenye doa jeupe shingoni,
yumo Coqueta aliyevunja lango la mbao mara tatu,
wamo maksai wa baba wasio na jina,
maana, asema Eulogio, usimpe jina utakayemuuza.

Ng'ombe hali mara moja.
Hula, hulala, huurudisha mlo kinywani,
huucheua kama mtu anayekumbuka tusi la zamani,
na katika kukumbuka huko huteuka.
Si mkiani, nawaambia wageni wanaochekelea,
ni mdomoni. Hewa isiyo rangi wala kishindo
inapanda, inatanda juu yetu kama blanketi
alilofunikwa mgonjwa mwenye homa tayari.

Mwaka ule wa mitambo ya upepo
tulizima jenereta za mafuta, moja baada ya nyingine.
Moshi ukapungua. Tukapigiana makofi, tukala keki.
Jioni nikachora mstari wa fungu la mifugo:
umepanda.
Baba alisikia redioni, akapiga simu.
"Nimeongeza nini? Wangu ni mia mbili na kumi,
walikuwa mia mbili na kumi ulipovaa sare ya shule."
Hujaongeza, baba. Wenzako ndio waliopungua.
Meza ni ileile, walaji wameondoka,
sasa sahani yako ndiyo inayoonekana.
Akanyamaza. Nikausikia mrija wake wa fedha
ukifyonza sakafu ya kibuyu cha chai chungu.
"Kumbe," akasema, "mtu huzidi kuwa na hatia
akiwa amekaa palepale."

Kisha ukaja ukame, kiangazi juu ya kiangazi.
Kijito cha nyuma ya nyumba kikawa njia ya panzi.
Pintada alikwama kwenye tope la bwawa
siku mbili, kichwa nje,
hata baba na jirani Wilfredo wakamvuta kwa trekta,
na kilichotoka
hakikuwa cha kusimama tena.
Themanini aliwauza kwa bei ya ngozi.
Thelathini na mmoja hakuwahi kuwauza.

Mwezi wa tatu nikajaza jedwali.
Safu ya nne ikashuka. Mstari ukainama vizuri,
laini, kama shingo ya mnyama anayekunywa.
Mkurugenzi, Bibi Irigoyti, akaweka kidole juu yake:
"Hapa tumefanya vyema. Tuandike nini?"

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.
Sisemi ng'ombe hana kosa; nimehesabu mimi mwenyewe,
na Jumapili mimi mwenyewe husimama kando ya makaa
nikingoja ubavu uive.
Wala baba si malaika wa majani,
ingawa siku hizi amegawa malisho kwa nyaya,
anawahamisha kila siku ya tatu, ndama wananenepa upesi,
na mbweu zimepungua kwa kila kilo.
Kwa kila kilo: maneno madogo
ninayoyalalia kama mto.

Nikaandika chini ya jedwali, kwa herufi za mchwa:
upungufu huu ni wa kifo, si wa busara.
Bibi Irigoyti akasoma, akavua miwani, akaivaa,
akafuta, akaweka: mabadiliko ya idadi.
Si uongo. Hilo ndilo lililoniuma.

Jana baba ametuma picha.
Ndama jike, bado mbichi kwa ute, doa shingoni.
"Nimpe jina?"
Jedwali letu huhesabu kwa maelfu, halimjui mmoja.
Hata hivyo nimefungua mwaka ujao, safu ya nne,
nikaongeza mmoja,
nikautazama mstari usitikisike,
kisha nikamfuta, nikampigia baba.