King'ora cha Saa Kumi na Mbili

Kabla ya nchi kulikuwa na maporomoko.
Akaja bwana mwenye buti safi, akachovya fimbo majini,
akasema kwa lugha ambayo nyanya yake bibi yangu hakuijua:
Hapa pana nguvu inayopotea bure.

Ndivyo kilivyozaliwa kiwanda cha Harjukoski:
gurudumu moja, jiwe moja la kusagia magogo,
wanaume kumi na wanne, na Loviisa mpishi
aliyekoroga uji wa shayiri kwa kasia lililovunjika.
Ufini haikuwa na bendera bado.
Sisi tulikuwa na king'ora.

Kiwanda kikala misonobari, kikatema karatasi,
karatasi ikawa magazeti,
na magazeti ndiyo yaliyotujulisha
kwamba sisi ni taifa.

Mwaka wa kumi na nane ndugu wakaelekezeana bunduki.
Taavetti, kaka yake babu, mpanga magogo,
alichukuliwa mwezi wa Mei, nyuma ya ghala la chokaa.
Jina lake likafutwa kwenye daftari la mishahara
kwa mstari mmoja, wino mzuri, kwa rula.
Karatasi ya daftari lile
ilipita mikononi mwake ikiwa bado gogo.

Kisha nyumba: nyekundu za vibarua,
za njano za wanyapara,
nyeupe moja kilimani.
Shule ya kampuni. Zahanati ya kampuni.
Sauna kwa zamu: wanyapara Ijumaa,
sisi Jumamosi, mawe yakishachoka.
Mkunga alilipwa na kampuni,
jeneza vile vile, mbao za daraja la pili.

Baada ya vita kubwa jirani wa mashariki akatudai.
Hakutosheka na karatasi;
alitaka meli, nyaya, mitambo, na alitaka kwa tarehe.
Basi mikono iliyozoea shoka na jembe
ikafundishwa kukereza chuma.
Bibi Hilja, miaka kumi na tisa,
nywele ndani ya kitambaa zisinaswe na mashine,
alipima unene wa vyuma kwa kucha kabla ya kipimo.
Garimoshi zikaondoka zimejaa, zikarudi tupu, mwaka baada ya mwaka.
Dawa ya deni kulipa, wanasema;
hawasemi kwamba dawa hiyo
wakati mwingine humnenepesha anayeinywa.
Deni liliisha. Ustadi ukabaki.
Tukauza mitambo hata kwa wasiotudai.

Utoto wangu ulinuka yai viza.
Mama alifunga madirisha, baba akiyafungua:
Hiyo ni harufu ya pesa, Mirjami, vuta!
Samaki hawakuwahi kuambiwa.
Waliibuka asubuhi matumbo juu,
weupe kama karatasi ya daraja la kwanza.

Pesa zile zilinisomesha, sikatai.
Zilijenga daraja, zikalipa pensheni,
zikamweka mbunge wetu bungeni na kumwandikia hotuba.
Bei ya karatasi ikikohoa London,
waziri wetu wa fedha alijifunika blanketi.

Halafu wakagundua mikaratusi, mbali kusini,
inayokomaa kwa miaka saba.
Msonobari wetu unataka sabini.
Barua ya kufunga ilikuja juu ya karatasi nzuri, laini.
Baba aliishika kwenye mwanga, akaikunja pembe, akanusa.
Si yetu, akasema.
Hilo ndilo lililomliza.

Sasa ukumbi wa mashine namba tatu umejaa kompyuta.
Hazina uso, hazina zamu. Mto ule ule huzipoza.
Kaka yangu Tuure huzilinda usiku,
yeye na mwenzake; zamani walikuwa mia tisa.
Moto wa kompyuta hupitishwa kwenye mabomba
hadi nyumba nyekundu za vibarua.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo;
lakini kati ya kiwanda na nchi
sijajua hadi leo nani alikuwa mtoto.

King'ora kiliuzwa kwa kilo, pamoja na shaba nyingine.
Saa kumi na mbili mama huamka bila kuitwa,
huweka kahawa, huenda ukutani,
na kugusa bomba la joto kwa kiganja,
kama anayempima mgonjwa homa.