Mizunguko Mingapi?

Kwa miaka thelathini na minane mama yangu, Bogumiła,
alisuka mota za tramu za Łódź.
Sisemi alizitengeneza. Alizisuka:
shaba nyembamba kama unywele wa mtoto mchanga,
mzunguko juu ya mzunguko, akihesabu kimoyomoyo,
na ole wako umsemeshe akikaribia mia nne.

Nyumbani kwetu tulijifunza kunyamaza mapema.
Labda ndiyo maana nilichelewa kugundua
kwamba mwanangu Ignacy hakuwa mtulivu tu.
Niliangusha sufuria nyuma yake,
jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio,
naye akaendelea kupanga vifungo kwa rangi.

Daktari alichora nyuma ya cheti:
duara moja ndani, chini ya ngozi, kisogoni mwa sikio;
duara jingine nje, limeshikwa na sumaku.
"Hakuna waya unaopenya. Kidonda kinafunga, kinapona.
Umeme unavuka wenyewe."
Mimi nilisikia neno umeme, nikasikia neno mtoto,
magoti yakanilegea.
Mama akavaa miwani, akaivuta ile karatasi.
"Mizunguko mingapi?"
Daktari hakujua. Akampigia mtu simu,
mtu huyo akampigia mwingine.
Mama akangoja, mkoba mapajani,
kama anayedai chenji yake.

Usiku ule jikoni alisuka koili mbili
kwenye kopo la njegere, akazichomoa.
Moja akaipa umeme wa kwenda na kurudi, wa haraka,
maana umeme uliotulia, alisema,
ni mgeni aliyelala: haamshi mtu.
Ya pili akaifunga kitaa chekundu cha mti wa Krismasi,
bila betri, bila plagi, bila chochote.
Akaisogeza.
Kikawaka.

Akaweka gazeti katikati. Kikawaka.
Sahani ya matango ya siki. Kikawaka.
Mfuniko wa sufuria: kikazima.
"Chuma ni mlafi. Kinakula chote njiani."
Kisha akaingiza kiganja chake mwenyewe,
na chekundu kikachungulia kati ya vidole.
"Unasikia chochote?" nikamuuliza.
"Nasikia baridi. Funga dirisha."

Akainua koili ya juu. Nusu shibiri, kitaa kikafifia.
Shibiri nzima, kikafa.
Fimbo ya mbali haiui nyoka.
Nilidhani ataniambia jambo hapo, kuhusu mimi,
kuhusu zamu zangu za usiku, kuhusu ukaribu.
Mama si mtu wa maneno hayo.
Alikunja waya, akazima jiko.

Wiki ya tano baada ya upasuaji, wakamwashia.
Ignacy alilia, akakipokonya kisahani,
akakitupa chini ya kiti cha daktari.
Siku kumi ikawa hivyo. Nikikibandika nyuma ya sikio, anakibandua,
anakibandika kwenye friji,
kwenye kitasa, kwenye kijiko cha supu.
Nami nilikuwa nimeandaa maneno!
Nilitaka la kwanza atakalolisikia liwe jina lake,
nalo nililifanyia mazoezi bafuni.

Jumamosi, kwenye kijikarakana cha Mama.
Kisahani kilikuwa mahali pake, sijui kwa rehema gani.
Mtoto ametupa mgongo,
kidole kinaelekea chuma cha kulehemu, kinafuka moshi.
Mama alikuwa kwenye mia tatu tisini na kitu.
"Usiguse!"

Mkono ukasimama hewani.
Akageuka.
Si kwa mtikisiko wa sakafu, si kwa kivuli. Akageuka
akamtazama bibi yake mdomoni,
kama anayetafuta kitu kile kimetokea wapi.

Hesabu ilikuwa imepotea.
Mama alizima chuma. Akaufungua waya wote, taratibu,
hata shaba ikajaa mapajani,
akamketisha Ignacy kando yake,
akaanza upya, moja,
mbili,
tatu,
kwa sauti.