Mlingoti wa Nevio

Nyumba ya ghorofa saba, juu kabisa Genova,
ambako barabara hukata tamaa na kugeuka ngazi,
na lifti inaishia ya tano.
Nikapanda na kebo begani, nikafungua mlango wa paa kwa teke.

Antena ishirini na tatu. Kaya kumi na nne.
Nyingine zimeinama, nyingine mapengo,
na shakwe wamezikalia kana kwamba wanalipa kodi.
Kila mtu alijipandishia yake, mwaka wake, kwa hasira zake,
waya zikateremka ukutani zikaingia madirishani
kama wezi wenye haraka.

Jioni wakashusha viti hadi ukumbi wa chini.
Bwana Traverso, msimamizi, akasoma bei.
Ottorino fundi viatu, hana televisheni wala hamu nayo,
akauliza kwa nini alipe.
Fiammetta wa ghorofa ya tatu akataka kubwa kuliko zote, yenye meno mengi.
Nikamwambia: ndefu huona mbali, lakini kwa tundu la ufunguo.
Mlima wenye mnara ule pale; ya wastani inatosha.
Basi akataka kipaza mawimbi chenye nguvu.
Nikasema, mama, ukimpa mlevi kipaza sauti
haongezi hekima, anaongeza wasikilizaji.
Wakacheka, isipokuwa Traverso,
aliyekuwa anagawa gharama katika sehemu elfu moja:
huyu hamsini na mbili, yule themanini,
Ottorino thelathini na moja na manung'uniko.

Wengi wape. Mikono ikainuka.
Macho yakamgeukia Ersilia wa ghorofa ya saba, mjane,
aliyekwisha kukataa lifti ndefu, rangi mpya, hata taa ya ngazi.
Akainua mkono.
Hakuna aliyejua la kufanya na ushindi ule.

Asubuhi akanifuata paani, ndara miguuni, koti la mwanamume.
"Ile," akasema, "ni ya Nevio."
Ilitazama magharibi, kuvuka ghuba, imeupa mlima kisogo.
Zamani, rangi zilipokuwa hazijafika kwenye picha za hapa,
Nevio aliigeuzia kituo cha ng'ambo,
akashinda juu akipaza sauti: "Sasa?"
Naye dirishani: "Bado! Bado!
Nyekundu! Nimeona nyekundu!"

Nikaiunganisha na kipimo changu, bila sababu.
Sifuri. Sifuri yenye adabu, isiyotikisika.

Lakini mlingoti!
Nikautikisa kwa mikono miwili, haukusema kitu.
Bomba zito la karakana ya meli.
"Alilileta usiku," akasema Ersilia, "usiniulize zaidi."
Miaka arobaini na tisa ya upepo,
na kutu imeishia kwenye rangi ya juu.
Wangu mpya ulilala ngazini, mwembamba, unang'aa kama ahadi.

Nikang'oa ishirini na mbili.
Ya Nevio nikaifungua skrubu kwa skrubu,
mbavu zake Ersilia akazibeba kwapani: atasimamishia nyanya.
Nikafunga mpya pale pale, juu ya bomba lile,
nikaigeuza kidole kwa kidole hadi namba zikapanda.
Kebo nikaiachia kitanzi kabla ya kuingia ndani,
mvua ikifuata waya idondoke njiani, isimfikie mtu.
Hilo halimo katika bei.

Madirisha yakaanza: "Ipo!" "Kwangu ipo!"
Ghorofa ya saba kimya.
Nikainama ukingoni.
"Sasa?"
Ersilia alikuwa dirishani, kichwa kimeinuka,
na kwenye kioo cha dirisha niliiona picha nyuma yake,
safi, mtangazaji na tai yake.
"Bado," akasema.
Nikairudia antena, nikaishika, sikuisogeza.
"Sasa?"
"Bado!"
Shakwe wakatutazama.
"Sasa?"

Kwenye ankara nikafuta mstari mmoja: mlingoti, euro sitini.
Traverso akapiga hesabu upya, huku akiguna.
Ottorino akarudishiwa euro moja na senti themanini na sita.