Herufi ya Thelathini na Tatu

Kamera ni ya kuazima, ya mjomba wake Zviadi,
mpiga picha za harusi. Mkanda wake bado unanuka
mafuta ya nywele ya mabwana harusi,
na sharti ni moja: ikianguka, tusirudi.

Mwalimu Nargiza anasema jarida halianzi na picha,
linaanza na pambizo.
Acheni nafasi, anasema, ukurasa nao unapumua.
Tunacheka. Tuna kompyuta sita, wanafunzi kumi na tisa,
na dirisha lisilofungika tangu mvua za Machi.
Majira haya hapa Kutaisi, hata pumzi inatoa moshi.

Mimi nikapewa ukurasa wa saba: mkate.

Alfajiri nikaenda kwa Guliko.
Tanuri lake ni mtungi mkubwa uliozikwa, mdomo wazi,
naye huinama ndani hadi kiunoni
kuubandika unga kwenye ukuta wa moto.
Picha ya kwanza: giza na cheche mbili.
Ya pili: weupe mtupu, kana kwamba nimepiga picha ya maziwa.
Ya kumi na moja: kiwiko.
Nikapunguza kasi, mwanamke akageuka ukungu.
Nikaongeza kasi, moto ukazimika skrini nzima
ilhali mashavu yangu yalikuwa yakiungua.
"Unatafuta nini humo?"
Mwanga, nikasema.
Akasogea hatua moja kushoto, mlango ukaingiza asubuhi.

Darasani Tornike akanifunza matabaka:
picha chini, kivuli juu yake, maneno juu ya yote,
kila tabaka na kijicho chake cha kufumba na kufumbua.
Nikafuta waya wa umeme.
Nikafuta ndoo, Guliko akabaki ameegemea hewa;
nikairudisha ndoo.

Kisha fonti. Niliipata ya bure, nyembamba, ya madaha,
herufi zimesimama kama wageni wenye viatu vipya.
Kijojia hakina herufi kubwa:
jina la mtu na jina la ndoo husimama kimo kimoja.
Nikaandika: Guliko Zhorzholiani.
Skrini ikanirudishia visanduku viwili vitupu.

Aliyeichora alichora thelathini na mbili,
ya thelathini na tatu akaisahau, au akachoka, au usiku ulimwishia.
Sauti ile ya nyuki aliyefungiwa chupani,
na majina ya watu wa milimani yamejaa nyuki.
Badilisha fonti, akasema Tornike.
Badilisha jina, akasema Zviadi,
tukacheka wote, kisha mimi nikaacha.

Nikarudi tanurini, nikanunua mikate miwili,
nikaomba kuona daftari la madeni.
"Nani kakutuma?"
Jaladani kulikuwa na jina lake kwa kalamu ya bluu,
herufi ile imekunja mkia, imefungwa mshipi kiunoni,
mara ya kwanza imenyooka, mara ya pili ina haraka.
Nikaipiga picha yenye haraka.

Siku tatu nikaufuata mkia ule kwa kipanya.
Kalamu ya kompyuta haiandiki, inapigilia misumari,
na kati ya msumari na msumari unavuta uzi.
Misumari mingi, mstari unatetemeka. Michache, unalegea.
Nilianza na ishirini na miwili. Nilimaliza na saba.
Mwalimu Nargiza akapita nyuma yangu, akasimama,
akavuta uzi mmoja kiasi cha unywele kwenda kulia,
akaendelea na safari yake bila neno.

Jarida limetoka Ijumaa, nakala mia na ishirini,
ukurasa wa tatu kichwa chini miguu juu,
na ile dhahabu ya skrini imefika kwenye karatasi ikiwa mgonjwa.
Guliko akapangusa mikono, akasoma jina lake kwa sauti,
moja kwa moja, bila kujikwaa popote.
Hakuona kitu.
Nilitaka kupiga kelele: hapo, hapo hapo, mara mbili!
Akausogeza ukurasa karibu na moto, akakunja uso.
"Mkate wangu," akasema, "mbona una rangi ya samaki?"