Kisiwa Kisicho na Gati

Meli ya mizigo haikaribii Tebaronga.
Inatia nanga nje ya mwamba, inapiga honi mara moja
kama mtu abishaye hodi huku akiomba asiitikiwe,
na mashua inakuja kutuchukua:
mimi, magunia tisa ya mchele, cherehani,
na nguruwe aliyefungwa miguu, anayenitazama
kana kwamba kamba nimefunga mimi.

Nimetoka Tarawa, kwenye barabara yetu moja
iliyolala kati ya maji na maji,
nyumba zimebanana hata kikohozi cha jirani
nakijua kama changu.
Siku nne tu, nilimwambia mkuu wangu wa kazi.
Niende mahali ambapo hakuna kitu.

"Hakuna kitu": neno hilo nililisema mimi.

Alfajiri ya kwanza niliamshwa na wimbo uliotoka juu.
Itinraoi, mgema, kwenye mnazi wa tatu toka kisimani,
anachonga ncha ya karara, anategesha chupa,
na anaimba. Sharti aimbe,
ili wanawake wanaooga chini wajue yuko juu
wajisitiri.
Mnazi wa nne ukaitikia. Kisha, mbali, upande wa rasi,
sauti ya mwanawe Tebau, inayokatika katikati,
bado haijaamua kuwa ya mwanamume.
Kimya nilichokifunga safari kukifuata
kilikuwa na waimbaji wanane.

Tembo lilikuwa bichi, halijachacha.
Nei Areta alinimiminia kwenye kikombe cha bati.
Nikamsifu mwanawe aliyeligema. Nikamsifu tena.
Hakulitia maji.

Siku ya pili sikufanya lolote
ila kulala mchana juu ya ulingo usio na kuta,
upepo ukiingia miguuni, ukitokea kichwani.
Simu ilizimika. Nikaitia ndani ya kiatu.
Jioni nikaonyeshwa shimo la magimbi,
limechimbwa na babu wa babu
hadi kwenye maji matamu yaliyojificha chini ya chumvi;
kila gimbi na kikapu chake cha ukili, na mboji
ya majani ambayo majina yake
mgeni hatajiwi.

Siku ya tatu moyo ulikuwa umejaa, ukamwagikia mdomoni.
"Nei Areta," nikasema, "msikubali kijengwe kitu hapa.
Pabaki hivi hivi."

Alikuwa anasuka mkeka wa mkadi. Hakuinua uso.
"Mkaza mwanangu alijifungulia kwenye mashua.
Pale, unapoona povu.
Bahari ilichafuka, na meli haikuweza kungoja.
Mtoto ni yule," akaelekeza kidevu kwa Tebau
aliyekuwa akimfukuza kuku.
"Mama yake yuko pale, penye mawe meupe."
Vidole havikusimama.
"Tunataka gati. Si kubwa. La mashua moja tu.
Barua tumeandika sita."
Kisha: "Sogea. Umekalia ukili wangu."

Nikasogea.

Siku ya kuondoka maji yalikuwa yamekupwa,
mashua inangoja mbali, ukingoni mwa mwamba.
Itinraoi akainama mbele yangu bila kuniuliza,
nami nikapanda mgongoni mwake, mtu mzima,
viatu vikining'inia shingoni,
simu iliyokufa ndani ya kimoja.
Alinuka moshi na karara.
Nilisikia matumbawe yakivunjika chini ya nyayo zake,
na mara nyingine si matumbawe yaliyoshindwa.
Hakuimba.

"Mimi ni mzito?" nikauliza,
maana ilibidi mtu aseme kitu.

"Mke wangu alikuwa mwepesi zaidi," akasema,
"ingawa walikuwa wawili.
Njia ilikuwa hii hii."

Akaniweka ndani ya mashua taratibu,
kama chupa iliyojaa.
Honi ikalia, mara moja.
Nilitafuta la kumwambia, nikakuta nimeangalia chini,

na miguu yangu ilikuwa mikavu.