Matuta Sita

Nyuma ya nyumba yetu, Mabatini juu,
mawe mawili yameachiana nafasi
kama wageni wasiojuana kwenye benchi.
Hapo ndipo shamba langu. Nimepima kwa hatua:
matuta sita. Ukibana sana, saba,
na la saba ni la kuku wa Nkwimba.

Mvua imeshaonja bati mara mbili.
Marando yako mlangoni, mafungu manne
ndani ya gunia lililoloweshwa,
na lazima niamue leo,
kabla jua halijayafanya chakula cha mbuzi.

Tisini kwanza. Nimemnunua Igoma
kwa mama anayeapa kwa majina ya wanawe wote
kwamba siku ya tisini utachimba.
Kweli, anawahi. Lakini mchemshe:
maji matupu, analegea mdomoni
kama mtu anayeomba radhi kabla ya kukosa.

Wa pili ni yule wa rangi ya chungwa.
Ngolo amepewa kliniki, fungu zima, bure,
kwa ajili ya macho ya mtoto.
Kashinje alimwonja kwa jirani, akatema,
akasema ni boga lililokosea njia.
Tutampanda. Macho hayaulizwi ulimi unapenda nini.

Halafu Mgumu, ngozi nyekundu,
unga mtupu, anakukaba usipokuwa na chai.
Huyu ni wa Ngolo. Ameshahesabu michembe
ambayo haijawa hata jani:
atakata, ataanika juu ya jiwe la kushoto
linaloshika joto mpaka saa mbili usiku.
Debe moja letu, debe moja la ada ya shule.
Nani atabishana na mwanamke
ambaye amekwisha kuuza?

Fungu la nne limefungwa kwa upindo wa kanga.
Limevuka jana na kivuko cha Kamanga,
kijana wa kivuko kanitoza mia tano ya mzigo.
Halina jina dukani wala kliniki.
Kule Sengerema, kijijini kwetu, wanasema tu
"viazi vya Holo",
na Holo ni mama yangu.
Cheupe ndani, miezi saba ardhini,
kinachelewa kama barua ya serikali,
na fukusi hukijua kwa harufu.
Lakini mimi nimekulia juu yake.
Maziwa mgando, kiazi cha Holo kilichopoa,
asubuhi, umande ukiwa bado miguuni.

Nkwimba akachungulia juu ya ukuta.
"Hayo ya mwisho yana batobato," akasema.
"Tazama majani. Ukiyapanda hapo
unawaua na hawa wengine."

Nikatazama. Madoa ya njano,
majani yamejikunja kama mkono wa baridi yabisi.
Nikangoja apate kosa. Hakulipata.

Basi usiku, kwa tochi ya simu,
nimekaa na fungu la mama magotini
nikigeuza rando moja moja
kama karani anayetafuta noti bandia.
Thelathini na moja. Safi: matatu.
Nimekata ncha zake, urefu wa kiganja.
Yaliyobaki nimeyachoma penye jiko la nje,
na moshi wake, sitaki kusema ulinuka nini.

Hayo matatu hayako shambani.
Yako juu ya jiwe la kulia,
ndani ya beseni la Ngolo lililotoboka,
peke yao, mbali na kila mtu,
na ziwa lote chini yao
wakati mimi nawapelekea maji kwa kikombe.

Leo amepiga simu.
"Vimeshika?"
"Vimeshika, mama."
"Vyote?"
Nikasema mtandao unakatika.

Tisini tuta moja. Chungwa mawili. Mgumu mawili.
La sita nililomwekea yeye
bado liko wazi, limechongwa vizuri,
na kuku wameshaliona.